Haldane, mutu aliyevuta gazi ili wachimbaji wasife

Ku Lac Vert, mutoto anajua neno mazuku mbele ya kujua kusoma. Anajua kama kati ya makoro kuna mashimo, fasi fulani mbuzi anashuka asubuhi na hapandi tena. Wazazi wanamukataza kupita pale mbele jua halijapanda vizuri. Wazee walisema ni upepo mubaya. Wataalamu wa Observatoire Volcanologique de Goma wanasema ni gazi karboniki: inatoka chini ya udongo kupitia nyufa za volkano, ni nzito kuliko hewa mara moja na nusu, na sababu ya uzito huo inalala chini sawa vile maji yanalala mu bakuli. Haina rangi. Usiku na asubuhi mapema, wakati upepo haupigi, inajaa. Jua na upepo vikifika, inapungua.

Mwaka wa 1994, wakati wakimbizi walijaa Mugunga, kulikuwa watu waliolala na hawakuamuka juu ya hiyo mazuku. Na katika miaka hii ya karibu, mahema ya watu waliokimbia vita yalifika mupaka Bulengo na Lac Vert, kwenye udongo ule ule.

Ndugu muchimbaji anayetoka kartiye hii kwenda kwenye mashimo ya Masisi ao ya Walikale anaacha mazuku nyumbani, lakini anakutana na ndugu yake kule mu shimo. Kila muchimbaji amekwisha kusikia habari ya namna hii: mumoja anashuka katika shimo la zamani, hajibu. Wa pili anashuka kumutafuta, naye hajibu. Wa tatu anashuka. Watu wanasema ni uchawi, ao shimo linaomba damu.

Kuna mutu mumoja aliyetumia maisha yake yote ili kufasiria jambo hilo. Jina lake ni John Scott Haldane. Alikufa tangu mwaka wa 1936, na watu wengi wanaotumia kazi yake hawajui jina lake. Habari yake ni hii.

Kijana wa familia kubwa

Haldane alizaliwa mwezi wa 5 mwaka wa 1860 ku Edinburgh, muji mukubwa wa Scotland. Familia yake ilikuwa na mashamba na jina. Kaka yake Richard alikuja kuwa waziri wa vita wa Uingereza. Dada yake Elizabeth alikuwa mwandikaji. Muyomba wake alikuwa mwalimu mukubwa wa mambo ya mwili ku chuo kikuu cha Oxford. Mutoto wa nyumba kama hiyo angeweza kukaa kwenye kiti na kula pesa za wazazi.

Yeye alisoma unganga, akamaliza mwaka wa 1884. Lakini hakufungua kabine ya kutunza wagonjwa matajiri. Alikwenda Dundee, muji wa viwanda, akaanza kazi ambayo wengi waliona ni ya ajabu: kupima hewa ya nyumba za masikini. Yeye na wenzake walikuwa wanapiga hodi usiku wa manane, bila kutoa habari mbele, wanaingia katika chumba ambamo familia nzima imelala, wanajaza hewa katika chupa, wanafunga, wanaenda kuipima mu labo. Mwaka wa 1887 walitoa matokeo. Yalionyesha kwamba katika nyumba za chumba kimoja hewa ilikuwa mubaya zaidi, na watu walikufa mingi zaidi, kuliko katika nyumba za vyumba vinne na zaidi.

Mwaka ule ule alihamia Oxford kwa muyomba wake. Pale alijiuliza ulizo ambalo linaonekana kuwa dogo: hewa ya chumba kilichofungwa inakuwa mubaya juu ya nini? Wakati huo waganga wengi waliamini kwamba pumzi ya mutu inatoa sumu fulani isiyojulikana. Haldane na mwenzake Lorrain Smith walitengeneza sanduku, mutu anaingia ndani, wanafunga, anakaa saa nyingi akivuta pumzi yake mwenyewe. Haldane mwenyewe aliingia. Alianza kupumua haraka, kichwa kikamuuma sana, akatapika. Walipopima, hawakuona sumu yoyote ya siri. Waliona gazi karboniki imepanda na oksijeni imeshuka, basi. Kilichomufanya apumue kwa nguvu kilikuwa zaidi ile gazi karboniki.

Tangu siku hizo alifuata desturi moja ambayo hakuacha mupaka uzee: kama kuna gazi ya kujaribu, yeye anaivuta wa kwanza.

Maiti ya Tylorstown

Tarehe 27 mwezi wa 1 mwaka wa 1896, mgodi wa makaa ya mawe wa Tylorstown, katika inchi ya Wales, ulilipuka. Wanaume 57 walikufa. Serikali ilikuwa imekwisha kumuomba Haldane achunguze namna wachimbaji wanavyokufa katika milipuko, basi alipanda gari la moshi, akafika, akashuka ndani.

Watu wote waliamini kwamba mulipuko unaua kwa moto na kwa nguvu ya kupiga. Haldane alitazama maiti moja moja. Aliona jambo lingine. Wengi hawakuvunjika, na wale waliochomwa hawakuchomwa kiasi cha kufa. Wengine walikuwa wametembea mbali kisha mulipuko, wakaanguka njiani. Na ngozi yao ilikuwa nyekundu, sawa ya mutu muzima. Alichukua damu yao kidogo, akaipima. Ilikuwa imejaa monoksidi ya kaboni.

Gazi hii ni tofauti na mazuku. Inatoka kwenye moto ambao hauna hewa ya kutosha: mulipuko, makala ndani ya mbabula, motopompa, moteri yoyote. Haina harufu, haina rangi, na uzito wake ni karibu sawa na ule wa hewa, kwa hiyo haina fasi yake ya kulala. Inaenea chumba chote. Katika damu yetu kuna kitu chekundu kinachobeba oksijeni kutoka mapafu kuipeleka katika mwili. Monoksidi ya kaboni inashika kiti cha oksijeni, na inakishika kwa nguvu inayopita ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Damu inazunguka, roho inapiga, lakini damu haibebi kitu. Mutu anajisikia kama muchovu, ao kama amelewa. Anakaa chini apumuzike kidogo. Haamuki.

Haldane alijua hayo sababu alikuwa amekwisha kuyafanya kwenye mwili wake. Mwaka mumoja mbele ya Tylorstown alikaa mu labo yake akivuta monoksidi ya kaboni, na pembeni yake aliweka panya mudogo katika chupa yenye hewa ile ile. Aliandika kila dakika namna anavyojisikia. Aliendelea mupaka zaidi ya nusu ya damu yake ikashikwa na gazi, hakuweza tena kutembea sawasawa. Panya alianguka mbele yake, muda mrefu mbele yake. Mwili mudogo unapumua haraka na damu yake inazunguka haraka; gazi inaujaza mapema.

Kutoka hapo lilitoka shauri lake kwa wachimbaji: shukeni na munyama mudogo, panya ao ndege. Kama ndege anaanguka kwenye kijiti chake, mutu ana dakika chache za kutoka. Wachimbaji walichagua kanari. Walimupenda, walimuimbia, na wakati fulani walitengeneza kasha lenye chupa ndogo ya oksijeni ili kumurudishia uzima. Taa haikuweza kufanya kazi hiyo. Taa inazimika kama oksijeni imepungua, lakini katika monoksidi ya kaboni inawaka muzuri mupaka mutu amekufa pembeni yake. Wachimbaji wengi wa Wales walikufa wakiwa na imani katika taa yao.

Kwa nini tunapumua

Nyumba ya Haldane ku Oxford ilikuwa nusu nyumba nusu labo. Muke wake, Louisa Kathleen Trotter, alimuzalia watoto wawili, Jack na Naomi. Watoto walikua kati ya chupa na mashini. Baba aliwaomba wasaidie katika majaribio, nao walikubali sawa vile watoto wengine wanakubali kwenda kuteka maji.

Siku moja alimupeleka Jack, bado kijana mudogo, mu mgodi wa makaa ya mawe. Walifika fasi yenye paa la chini ambako gazi metani ilikusanyika. Metani ni nyepesi kuliko hewa, inapanda juu. Baba akamuambia mutoto asimame wima na aseme kwa kichwa maneno ya mchezo wa Shakespeare juu ya Julius Caesar, ule ambao Mwalimu Nyerere alikuja kuutafsiri katika Kiswahili mwaka wa 1963. Mutoto alianza kusema, pumzi ikaanza kukatika, miguu ikalegea, akaanguka. Na pale chini kwenye udongo hewa ilikuwa muzuri. Akapumua, akaamuka. Hakusahau somo hilo maisha yake yote: kila gazi ina fasi yake ya kukaa. Metani inakaa juu, na mutu anayeinama anapona. Gazi ya mazuku inakaa chini, na mutu anayeinama anakufa.

Mwaka wa 1905, yeye na Priestley walitoa kazi ambayo wanganga wa dunia nzima wanaisoma mupaka leo. Watu walifikiri kwamba mwili unapumua juu unatafuta oksijeni. Haldane alionyesha kwamba, katika maisha ya kila siku, kinachoongoza pumzi ni gazi karboniki. Ubongo unaipima bila kulala. Ikiongezeka ndani ya mapafu sehemu 2 ao 3 tu kwa elfu, mutu anaanza kupumua mara mbili zaidi, bila kufikiri.

Muchimbaji anapaswa kuelewa vizuri jambo hilo, sababu uzima wake uko pale. Kama gazi karboniki inapanda polepole, mwili unapiga kelele: pumzi inakimbia, kichwa kinauma, jasho linatoka. Mutu ana wakati wa kutoka. Lakini kama oksijeni inapungua peke yake, bila gazi karboniki kuongezeka sana, mwili haupigi kelele. Ndiyo hewa ya shimo la zamani: maji, mawe fulani yenye kushika kutu, mbao zinazooza, vyote vinakula oksijeni polepole siku na usiku. Haldane alipima hewa hiyo na kukuta kwamba zaidi ni azoti, hewa isiyofanya kitu. Mutu anashuka akiwa na furaha, anafanya mzaha, halafu miguu inakatika. Na gazi karboniki ikiwa nyingi sana, kupita sehemu 10 kwa mia, sawa mu mazuku yenye nguvu, kelele na kuzimia vinafika karibu pamoja. Ikipita sehemu 30 kwa mia, mara chache za kuvuta pumzi zinatosha.

Kwa hiyo wale ndugu watatu waliokufa mufululizo katika shimo hawakuuawa na uchawi. Wa pili hakuwa muzembe, na wa tatu hakuwa mujinga. Waliingia kwa upendo katika hewa ambayo haina sauti.

Minyoo ya Dolcoath na vumbi la mawe

Mwaka wa 1902 walimuita ku Dolcoath, mgodi wa bati katika Cornwall, kusini ya Uingereza. Wachimbaji walikuwa wamepauka, hawana nguvu, wanapanda ngazi wakisimama kila wakati. Watu walisema hewa ya chini ndiyo mubaya. Haldane alipima hewa, akaona haitoshi kuleta ugonjwa huo. Basi akatazama kinyesi cha wachimbaji, akakuta mayai ya minyoo, ile inayojishika ndani ya tumbo na kunywa damu.

Minyoo hiyo inapita katika ngozi. Ni mwanasayansi Looss, aliyefanya kazi ku Kairo katika Misri, ndiye aliyekwisha kulivumbua, kisha matone yenye vichanga vya minyoo kumuangukia kwenye mukono. Mu mgodi wa joto na maji, ambamo watu wanajisaidia kwenye kona na wengine wanapita pale na miguu mitupu, minyoo ilikuwa na kila kitu ilichohitaji. Dawa ya kwanza ilikuwa ndoo za choo na usafi. Muchimbaji wa leo anayefanya kazi na miguu mitupu katika tope, na anayeona macho yake yamepauka, afikirie habari ya Dolcoath mbele ya kusema amerogwa.

Ku Cornwall vilevile aliona wanaume wa miaka 30 na zaidi kidogo wakikohoa damu na kufa. Wengi walikuwa wametoboa mawe na mashini, na wengi kati yao walikuwa wamerudi kutoka migodi ya dhahabu ya Transvaal, katika Afrika ya Kusini. Haldane na wenzake walieleza katika mwaka wa 1904 kwamba kisa ni vumbi la mawe magumu. Vumbi hilo linakata mapafu na kufungulia kifua kikuu mulango. Shauri lao lilikuwa maji: lowanisha jiwe mbele ya kulipiga, lowanisha vumbi mbele halijapanda. Ni shauri ambalo halijazeeka.

Mulima, bahari na vita

Alifuata pumzi ya mutu fasi zote. Kwa watu wanaozama chini ya bahari, ambao walikuwa wanapooza ao kufa wakipanda, alitumia mbuzi mu labo, halafu mwaka wa 1908 alitoa mezani za kupanda hatua kwa hatua. Wazamiaji wa dunia nzima waliacha kufa ovyo.

Mwaka wa 1911 alikwenda Marekani, akapanda Pikes Peak, mulima wenye mita zaidi ya 4.300, akakaa juu wiki tano na wenzake. Bibi Mabel FitzGerald, mwanasayansi wa kundi hilo, hakukaa nao juu ya kilele. Alizunguka peke yake miji ya wachimbaji ya Colorado, akipima pumzi na damu yao. Alionyesha kwamba kadiri watu wanaishi juu, ndivyo damu yao inaongeza kile kitu chekundu chenye kubeba oksijeni. Chuo kikuu cha Oxford kilichelewa kumupa heshima: alipata diploma yake mwaka wa 1972, akiwa na miaka 100.

Wakati wa vita, mwezi wa 4 mwaka wa 1915, Wajerumani waliachilia gazi ya kijani ku Ypres. Serikali ya Uingereza ilimutuma Haldane mbio. Alitazama askari waliokuwa wanazama katika mapafu yao, akasema ni klori. Kisha alijifungia na klori katika chumba pamoja na mutoto wake Jack na wenzake wengine, ili kutafuta kitu cha kufunika pua. Katika siku hizo hizo magazeti yalikuwa yanamutukana kaka yake Richard kwamba anapenda Wajerumani, naye akapoteza kiti chake cha serikali. John aliendelea kuvuta gazi na kukohoa kwa ajili ya inchi iliyomutukana ndugu yake.

Pale alipokosea

Habari ya mutu haifae kuandikwa kama ya malaika. Haldane alikosea mara mbili kubwa.

Kwanza, aliamini kwamba mapafu yanaweza kusukuma oksijeni katika damu kwa nguvu yao wenyewe. Wengine walimuonyesha kwamba oksijeni inapita peke yake. Hakukubali mupaka kufa kwake. Kosa hilo halikuua mutu.

La pili lilikuwa zito zaidi. Kisha kuona vizuri ubaya wa vumbi la mawe magumu, alisema kwamba vumbi la makaa ya mawe halina mabaya. Alikuwa mukubwa, wachimbaji walimupenda, mabwana wa migodi walimusikiliza. Neno lake lilikuwa na uzito. Lakini wanaume wa Wales walikuwa wanakohoa mate meusi na kukosa pumzi, na muda wote huo familia zao zilikuwa zinaambiwa kwamba si kazi iliyowaua. Ni mwaka wa 1943, miaka 7 kisha kifo chake, ndipo sheria ya Uingereza ilikubali kulipa wachimbaji wa makaa ya mawe juu ya ugonjwa huo wa mapafu. Mutu aliyevuta gazi zote ili kujua ukweli hakusikiliza vya kutosha mapafu ya wengine. Hata rafiki wa wachimbaji anaweza kukosea juu yao, kama anaamini zaidi alichokwisha kusema kuliko anachoambiwa.

Alikufa mwezi wa 3 mwaka wa 1936 ku Oxford, akiwa na miaka 75. Alikuwa ametoka safari ya Irak na Iran, ambako alikuwa anachunguza joto linaloua wafanyakazi wa petroli. Mapafu yake ndiyo yaliyougua. Jack alikuja kuwa mwanasayansi mukubwa wa mambo ya urisi wa damu. Naomi aliandika vitabu vingi, akapenda Afrika, na Wabakgatla wa Botswana walimupokea kama mama wa kabila lao. Alikufa mwaka wa 1999 akiwa na miaka 101. Kanari waliendelea kushuka katika migodi ya Uingereza mupaka mwaka wa 1986, miaka 50 kisha kifo cha Haldane, wakati mashini ndogo zilichukua kazi yao.

Sayansi ya leo na mazuku yetu

Ulizo la Haldane halijafungwa. Mwaka wa 2019, wanasayansi watatu, Kaelin, Ratcliffe na Semenza, walipata Tuzo ya Nobel kwa kuonyesha namna kila chembe ya mwili inavyojua kama oksijeni ni kidogo ao nyingi. Oksijeni ikipungua, kitu fulani ndani ya chembe kinasimama na kuamrisha mwili utengeneze damu zaidi. Ndicho FitzGerald alichoona kwa macho ku Colorado bila kujua sababu yake. Na ndicho kinachosaidia damu yetu sisi tunaoishi Goma, kwenye mita 1.500 hivi. Lakini msaada huo unachukua siku na wiki. Katika shimo hauna wakati wa kufika.

Mwaka wa 2013, wanasayansi wengine walijaribu wanawake watatu ambao sehemu ya ubongo yenye kuleta woga ilikuwa imeharibika. Mumoja wao alikuwa anajulikana kuwa haogopi nyoka, haogopi kisu. Waliwapa kuvuta hewa yenye gazi karboniki sehemu 35 kwa mia, mara moja tu. Wote watatu walishikwa na woga mukubwa. Maana yake, woga wa kukosa hewa unatoka ndani zaidi kuliko woga mwingine wote. Kwa hiyo, ndugu muchimbaji, kifua kikikimbia bila sababu ndani ya shimo, usione haya mbele ya wenzako. Hiyo ndiyo kanari yako. Panda.

Tunaweza kuweka kazi ya maisha ya Haldane katika maneno machache ya nyumbani. Motopompa isiwake kamwe ndani ya shimo. Ikae inje, na mbali na mudomo wa shimo. Shimo lililolala siku nyingi lisiingiliwe mbele ya kupata hewa mupya. Kama mwenzako ameanguka chini na hajibu, usishuke peke yako na moyo tu: hewa kwanza, kamba kiunoni, watu juu wa kuvuta. Mbabula ya makala isilale mu chumba pamoja na watoto, hata kama baridi ya usiku ni kali.

Na kwa mama na baba wa Lac Vert, Bulengo na Mugunga: mutu mukubwa akisimama katika mazuku, kichwa chake kinaweza kuwa katika hewa muzuri, na hataona kitu. Mutoto anayetembea pembeni yake, kichwa chake kiko ndani ya gazi. Mutoto anayelala kwenye mukeka yuko ndani zaidi. Kama fasi yenu ina wadudu, mijusi ao ndege wanaokutwa wamekufa asubuhi, kitanda kipande juu, nyumba isijengwe mu bonde, na mutoto abebwe mukononi kupita pale. Haldane alimuangusha mutoto wake kwenye udongo ili apone. Hapa kwetu, mutoto anainuliwa.